Risasi ya koyote isiyoharibu ngozi

Karibuni tena, ndugu zangu. Niko South Dakota, Marekani, Januari hii, baridi imekaza kwelikweli. Kabla sijafungua boksi lolote la risasi, tazameni ngozi hizi mbili za koyote, yule mnyama wa porini wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini.

Hii nimeigeuza upande wa nyama. Mnaona ulivyo mweupe? Ngozi imekomaa, ingekuwa Septemba mngeuona umepiga rangi ya samawati na manyoya hayajajaa. Tundu ni hili hapa, nyuma ya bega, dogo kama punje ya choroko. Nageuza ubavu wa pili, hakuna kitu. Risasi imevunjikia ndani, ikaishia humo humo.

Sasa hii ya pili. Ilikoingilia ni padogo vilevile, lakini ilikotokea, angalieni, ngumi yangu inapita. Nimekaa na sindano jioni nzima na bado mshono unaonekana.

Bunduki ni ileile, ya saizi ya risasi iitwayo .223 Remington. Kilichotofautiana ni kichwa cha risasi. Hii iliyochana ilikuwa ya kuwindia kulungu, imetengenezwa izame sana, na koyote hata akiwa mkubwa ni kilo 15 hadi 20 tu, hana mwili wa kuizuia. Ile nyingine ni V-MAX ya kampuni ya Hornady, kichwa chake kina uzito wa greini 55, kama gramu 3.6. Nawasogezea kamera: hii ncha nyekundu ni plastiki. Ikigonga, inasukumwa ndani na kichwa kizima kinapasuka vipande vipande.

Najua wapo wanaotumia zile zilizofunikwa shaba yote, kwamba zinatoboa padogo kuingia na kutoka. Jamani, hapana. Mnyama anakimbia nayo, anakwenda kufa mbali kwa mateso, na ngozi yenyewe huipati.

Kwa anayetafuta ngozi hasa, mimi nachagua bunduki ya saizi nyembamba zaidi, .204 Ruger, na V-MAX ya greini 40, inayotoka mtutuni kwa karibu mita 1,190 kwa sekunde. Ya greini 32 ina kasi zaidi, ila ni nyepesi mno. Ikikuta mfupa wa bega inapasukia juu juu na kuchana ngozi vibaya. Lakini kama tayari una .223, baki nayo, risasi zake zinapatikana karibu kila duka la bunduki.

Boksi hili lina risasi 20. Tano za mwanzo zipigeni kwenye karatasi, mita 100, maana kila mtutu una risasi yake unayoipenda.