Tochi nimeipenda, betri za 9,900 mAh hapana, na mwenye duka hapana kabisa

Nianze na haki ya tochi kabla povu halijanitoka. Tochi ni nzuri. Inamulika kutoka mlangoni hadi mwisho wa shamba, na kicheche anayenimalizia kuku huku Chanika akipigwa na ule mwanga anatafuta pa kupitia. Mnaosoma mistari miwili na kuondoka, ondokeni na hilo.

Sasa betri.

Duka liko Kariakoo, mtaa sitaji. Tochi hii inakula betri mbili za lithiamu, zile za saizi inayoitwa 18650, zinaingia moja nyuma ya nyingine. Nikapewa mbili zisizofanana hata rangi: moja ya waridi imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, nyingine ya bluu 6,800. Nikauliza, mbona hizi si pacha? Mwenye duka, mkono mmoja kwenye droo ya hela, akajibu bila kunitazama: "Mama, betri ni betri." Nikamwomba mita ya umeme nizipime kabla sijalipa. Hapo ndipo akanyanyua uso, si kunipa mita, ni kuwatazama wateja wengine waje wasikie: "Mita ya nini? Haya mambo mwachie baba watoto." Wakacheka.

Mimi nina cheti cha umeme wa majumbani. Huyo baba watoto, Mungu amzidishie umri, balbu ikiungua ananiita mimi nipande ngazi, yeye anashikilia.

Nililipa kwa sababu tochi niliitaka na mita ninayo nyumbani. Nikageuza kitufe cha mita hadi volti za DC, yaani umeme wa betri, kwenye 20, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Bluu ikasoma 4.11. Waridi 3.38. Betri za aina hii zikijaa kabisa zinasoma 4.2, na zikifika karibu na 3 hazina kitu. Yaani moja imeshiba, nyingine ina njaa, na mtu ananiambia nitie niwashe niende zangu.

Kwa wasiojua hatari iko wapi: betri mbili zikiwa mfululizo, umeme ule ule unapita kwenye zote. Dhaifu inakwisha kwanza, lakini mwenzake bado ana nguvu, anaendelea kusukuma umeme ndani yake. Ile iliyokwisha inalazimishwa hadi chanya yake inageuka hasi, inachemka, inatoa gesi. Na tochi nzuri ina mpira wa kuzuia maji kila kiungo, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Hicho si kifaa tena cha kumulikia, ni bomu, na unalishika kwa mkono. Mimi tochi yangu nikiwa nahesabu mayai naibana kwa meno!

Nikazichaji zote mbili hadi 4.2. Hapa ndipo wengi wanapigwa, wanaona mita inasoma sawa wanadhani betri zina uwezo sawa. Ndoo na kikombe vikijaa vyote vimejaa, lakini chota uone kipi kinakauka kwanza. Nikaziacha zilale juu ya simenti. Asubuhi bluu haijatikisika. Waridi imeshuka hadi 4.02 bila kufanya kazi yoyote. Nikazitia kwenye tochi, nikaiwasha nje mbali na banda, nikazitoa mapema. Bluu 3.9, waridi 3.1 na ya moto kiasi cha kuihamisha mkono hadi mkono.

Nikaipeleka waridi kwa jirani anayeuza viungo, ana kimizani cha kupimia iliki. Gramu 27. Betri ya kweli ya saizi hii ina gramu 45 kwenda juu kidogo. Panasonic, Samsung na LG na mahela yao yote na maabara zao, betri kubwa za saizi hii wanazouza ziko kwenye 3,500 mAh hivi. Halafu mtu mmoja na printa yake amefika 9,900. Ya bluu uzito upo, 45, nikataka kuisifu. Nikakwangua ganda kwenye kitako kwa ukucha, nikakuta vidoti vya kuchomelea. Imebanduliwa kwenye betri kuukuu ya laptop, ikavishwa nguo mpya.

Nilirudi dukani nikiwa nimejiandaa kwa vita. Mwenye duka ametoka kula. Kuna kijana pale. "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka, wala hakuniuliza kuhusu baba watoto. Akainama chini ya kaunta akatoa boksi dogo, ndani betri za kijani za kiwanda kimoja, namba za toleo moja, kila moja na kifuko chake. Akanipa mita yake mwenyewe. 3.52 na 3.52. Nikapima nyingine na nyingine, zote hapo hapo. Nikaongeza hela kidogo nikapewa mbili.

Nikatoka nimeridhika kabisa, nimeshaamua kuwapa nyota nne. Nimefika kituo cha daladala ndiyo akili ikanirudia: kumbe walikuwa nazo! Muda wote nabishana na yule bwana, dawa iko chini ya goti lake!

Kijana alinieleza, na sitaki kumdhulumu, kwamba wateja wengi wakisikia bei ya zile za kijani wanaondoka. Namwelewa, hali ni ngumu. Lakini basi za bei rahisi wauzie watu wa tochi ya betri moja, hapo angalau hakuna wa kumsukuma mwenzake. Au sema tu, "mama, hii ni ya laptop, imetumika." Ningeweza hata kuinunua. Ya waridi hapana, ile hata kwenye redio ya mtoto siiweki.

Hizi za kijani zimekaa kwangu sasa muda wa kutosha. Nazitoa pamoja, nazichaji pamoja, tochi nyingine haziingii, na kila nikipima zinaachana kwa 0.01 au haziachani kabisa. Mwanga haufifii ghafla.

Nyota? Tochi tano. Betri za kijani tano. Betri walizonipa kwanza, sifuri. Kijana nne, ya tano namnyima kwa sababu alikataa kuzipokea zile mbovu, nimezifunga selotepu ya umeme kwenye ncha nimezitia kopo la mchanga. Duka kwa jumla tatu. Hapana, mbili, nimemkumbuka yule bwana na droo yake.

Ukienda, nenda mchana saa za chakula. Muulize kijana boksi la chini, na mita yako uwe nayo.