Nyama ya soya kwa pilau la shughuli Arusha: mfuko usioulizwa nani kachinja

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa pilau la watu 50 wa dini mchanganyiko, vipande vya soya vinavyouzwa kwenye maduka ya viungo ya Soko Kuu na Kilombero ni vya kununua bila kusita. Kwa mboga ya kila siku nyumbani, si lazima. Maharage yanatosha, na mkoa huu umebarikiwa maharage. Na kama umeambiwa kwamba jamii ikiacha nyama itatulia yenyewe, hilo mfukoni halimo.

Kinachouzwa ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa. Ukitoka nje unafura kama bisi na kubaki na matundu ya sponji. Matundu hayo ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake, maana hunyonya chochote kilichopo karibu: ladha, mafuta, hata maji yaliyokusudiwa mchele. Vipo vikubwa vya kuchoma kwa uma na vidogo mfano wa nyama ya kusaga. Kwa pilau chukua vikubwa. Vidogo vinafaa sambusa na tambi. Kwenye pilau hupotea na mgeni akadhani kamati ya chakula imekula nyama yake.

Dukani, tazama rangi. Kipande kizuri kina rangi ya maziwa yenye udongo kidogo. Kilichoiva hadi kahawia kimeungua kiwandani na uchungu wake hautoki kwa kuosha. Vumbi jingi chini ya mfuko ni dalili ya mzigo uliosafiri vibaya. Nunua uliofungwa, wenye tarehe na nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na usome viambato kabla ya bei: uandikwe soya tu. Vile vilivyotiwa ladha ya nyama au kuku huwa na chumvi nyingi, mara nyingine ngano, na mara nyingine unga wa maziwa. Ukishamwambia mgeni kwamba chakula ni cha mimea tupu, unga huo wa maziwa ni uongo ulioufunga mwenyewe.

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo pima kwa protini. Kilo moja ya soya kavu ya aina hii ina protini ya gramu 500 hivi. Kilo ya maharage makavu ina gramu 220 hivi, na steki mbichi ya ng'ombe inakaribia gramu 200 hadi 220. Soya ikiuzwa chini ya mara mbili ya bei ya maharage, soya imeshinda. Ikizidi hapo, rudi kwa Lyamungo 90 au Selian 97, mbegu za maharage zilizotoka kwenye vituo vyetu vya utafiti, ukapike makande. Mahindi na maharage hukamilishana protini, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake, na hakuna mtu wa Arusha anayehitaji kufundishwa kula makande.

Sasa hilo la amani, kwa sababu ndilo linaloifanya bidhaa hii iitwe kwenye vikao vya shughuli.

Kwa mazoea ya miaka mingi hapa nchini, mnyama wa buchani huchinjwa na Mwislamu ili nyama iliwe na wote. Mazoea hayo yamebeba utulivu mwingi kimyakimya, na uzito wake huonekana siku yanapotikiswa. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ubishi wa nani achinje uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Sufuria la soya halina swali hilo. Mwislamu, Mlutheri, Msabato asiyegusa nyama kabisa, Mkatoliki kwenye Ijumaa ya Kwaresma, Mhabeshi wa Kiorthodoksi anayefunga Jumatano na Ijumaa: wote wanapakua kutoka chombo kimoja, na mama mwenye shughuli hapangi meza mbili za kutazamana. Hilo si dogo. Meza mbili kwenye harusi moja huacha maneno yanayodumu kuliko ndoa.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi. Tangu neno la vegani, yaani mtu asiyetumia chochote cha mnyama, lizaliwe Uingereza mwaka 1944, kuna wanaohubiri kwamba asiyemwaga damu ya mnyama atashindwa kumwaga ya jirani. Ushahidi hauwapi nguvu hiyo. Septemba 2015 huko Dadri, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, kundi la watu lilimpiga mtu hadi kufa kwa tuhuma kwamba ameweka nyama ya ng'ombe nyumbani. Hapo kutokula nyama ndiko kulikogeuzwa rungu. Ugomvi wa wakulima na wafugaji nao, kama ule wa Kilosa mwaka 2000 uliochukua roho za watu zaidi ya 30, ni wa ardhi na maji. Mtu wa mjini akibadilisha sahani yake, mpaka wa shamba na malisho haujasogea. Na kwenye nyika ya Longido au Monduli ambako mahindi yenyewe hukauka yakiwa na urefu wa goti, ng'ombe anayegeuza majani kuwa maziwa si anasa ya mtu.

Tena kwa Wachaga wa pale Moshi, nyama ni lugha ya kupatana. Anayeomba msamaha hutanguliza jani la sale, ambalo ni mmea kweli, lakini mara nyingi nyuma ya jani kuna mbuzi na mbege, pombe ya ndizi. Ukienda kwenye kikao cha masuluhisho na mfuko wa soya badala ya mbuzi, umejiongezea kesi. Soya iwekwe pale inapoalikwa: harusi, kipaimara, futari ya mtaa, mahafali, msiba wenye watu wa kila aina.

Tuje jikoni. Kwa watu 50: soya kavu kilo moja na nusu, mchele kilo 7, viazi mviringo kilo 3, vitunguu maji kilo 2 na nusu, saumu gramu 250, tangawizi mbichi gramu 250, mafuta ya alizeti lita moja na robo, bizari nzima gramu 70, mdalasini gramu 30, pilipili manga gramu 25, hiliki gramu 20, karafuu gramu 10, ndimu 10, chumvi gramu 110. Soya hiyo ikilowana hufikia kilo nne na nusu hivi, yaani gramu 90 kwa sahani, na protini ya gramu 15 kwa kila mtu.

Chemsha lita 10 za maji yenye chumvi kidogo na kipande cha tangawizi, tumbukiza soya, ziache zichemke dakika 10 hadi 12. Zaidi ya hapo hulegea, na kwenye presha kuka huwa uji. Mwaga maji, osha kwa maji baridi, kamua kwa viganja viwili kama unavyokamua nazi. Osha tena, kamua tena, na kwa aina zenye harufu kali fanya mara ya tatu. Hatua hii ndiyo wapishi wa shughuli huiruka, na ndiyo inayowafanya watu waseme soya inanuka unga mbichi. Harufu imo kwenye maji yaliyobaki ndani ya matundu. Usipoyakamua, viungo havina pa kuingia, na vipande vikikutana na mafuta ya moto vinarusha mpaka kwenye mikono ya mpishi.

Vikishakamuliwa, vichanganye na nusu ya saumu, nusu ya tangawizi, juisi ya ndimu, pilipili manga na sehemu ya chumvi. Viache nusu saa. Kisha vikaange kwa mafungu, si vyote kwa pamoja, mpaka kingo ziwe kahawia. Sufuria likijaa, mafuta hupoa na vipande huchemka badala ya kukaangika. Vitoe, viweke kando. Kando kabisa, maana haviingii na mchele.

Pilau la nyama hupata mwili kutoka kwenye supu na mafuta ya mnyama. Hapa vyote viwili havipo, kwa hiyo kitunguu kinabeba mzigo wa watatu. Kikaange taratibu, dakika 25 au 30, hadi kiwe kahawia iliyokolea bila kuungua. Rangi ya pilau inatoka hapo, wala si kwenye unga wa rangi. Ingiza saumu na tangawizi zilizobaki, halafu viungo vizima vilivyotwangwa nusunusu, halafu viazi. Badala ya supu tumia maji uliyochemshia karoti na maganda safi ya vitunguu. Lita 12 zinatosha mchele mpya wa Magugu usiolowekwa. Mchele wa zamani uongezee lita moja. Usitumie kipimo cha nyumbani cha vikombe viwili kwa kimoja, kwa sababu sufuria kubwa hupoteza maji machache kwa mvuke na utapata bokoboko. Maji yakikaribia kukauka, tandaza soya juu, funika, palia makaa kwenye mfuniko, dakika 20. Ukizitia mapema zinakunywa maji ya mchele, na wali unabaki na kiini. Malalamiko ya pilau la soya kuwa na mchele mgumu chanzo chake kwa kawaida ni hicho.

Mambo mawili huharibu amani ya sufuria hili hata likiwa limeiva vizuri. La kwanza ni kiungo cha mchuzi cha vidonge, kwani kuna aina zenye mafuta au dondoo ya ng'ombe au kuku. Soma karatasi yake, au acha kabisa. Samli nayo ni ya mnyama. La pili ni chombo. Sufuria la kukodi lililopikiwa kitimoto (nyama ya nguruwe) jana, hata likisuguliwa kwa majivu, kwa Mwislamu na kwa Msabato si la kuchezewa. Uliza kabla ya kukodi, na mwiko uwe mpya. Wageni wa Kiswaminarayan na Wajaini hawali vitunguu wala saumu, na Wajaini wengi hawali hata viazi: wapikie sufuria dogo la pembeni, bila kitunguu wala saumu, na njegere badala ya viazi.

Maji ya Arusha yanahitaji aya yake. Miteremko ya Meru ina maji yenye floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya huku vinazidi. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza. Soya hunyonya maji mara mbili ya uzito wake, mchele nao unakunywa, kwa hiyo tumia maji ya chanzo kinachojulikana au yaliyochujwa. Usitie magadi ili soya au maharage yalainike upesi: magadi yetu mengi yana floraidi yake yenyewe, na huharibu vitamini B1. Loweka maharage usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 10 za mwanzo ili sumu yake ya asili ife, ndipo upunguze moto. (Mchujo unaojulikana zaidi wa floraidi, ule uliofanyiwa kazi Ngurdoto, hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vegani mkali wa Usa River akijua hilo atakuwa na usiku mrefu.)

Kwa shughuli ya siku moja lishe haikusumbui. Kwa anayetaka kuishi hivyo mwaka mzima, kasoro kubwa ni vitamini B12, ambayo mimea haina. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Anunue vidonge vya famasi au chakula kilichoongezewa. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana ganzi ya miguu na upungufu wa damu huja wakati mtu ameshajitangaza mzima wa afya. Madini ya chuma ya soya na mchicha hufyonzwa vizuri yakiliwa na ndimu au chungwa, na vibaya yakifuatwa na chai. Isubirishe chai saa moja. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasianze bila kuongea na mtaalamu wa lishe. Mwenye mzio wa soya asile kabisa, na aliyeanza kwa sahani mbili asishangae tumbo kujaa.

Kasoro ya mwisho ni dhana kwamba chakula kisicho na nyama hakichachi. Wali uliopoa taratibu ni makazi mazuri ya bakteria, na sumu yao haifi kwa kupasha moto. Pilau lililoiva alfajiri lisisubiri maharusi wa jioni kwenye sufuria vuguvugu: liwe juu ya nyuzi 60 muda wote, au lipikwe mchana. Soya iliyolowekwa na kukamuliwa hukaa siku mbili kwenye friji, haikai kwenye beseni nyuma ya tenti. Iliyo kavu inakaa mwaka kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa hiyo nunua kilo mbili hata kama unahitaji moja na nusu. Wageni 50 wa Arusha kwa kawaida huja 65.