Skana ya Mkononi ya Daraja la Kati: Tathmini ya Fundi Mwenye Gereji Ndogo

Kifaa ninachokitathmini hapa ni skana ya mkononi ya daraja la kati, yaani kifaa cha kuzungumza na kompyuta za gari ili kujua hitilafu zake, ile iliyo juu ya kijidude cha Bluetooth kinachosomwa kwa simu, na chini ya mashine kubwa za mawakala ambazo gereji ya watu wawili haiwezi kuzinunua. Nimeitumia kwa miaka miwili katika gereji iliyoanza na boksi la spana, jeki moja na stendi nne, na hukumu yangu naitoa mapema: fundi mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu kikubwa baada ya vifaa vya mkono anunue hii kabla ya lifti ya kuinulia magari. Lifti hupumzisha mgongo na kuharakisha kazi ambazo fundi anazijua tayari, lakini skana humletea kazi ambazo zamani alilazimika kuzielekeza kwa jirani.

Mnunuzi anapaswa kujua kwanza kile anachokipata hata katika kifaa cha bei ya chini kabisa, ili asilipie mara mbili. Soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani ipo kwa sababu ya sheria za moshi: Marekani iliulazimisha mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari kujipima lenyewe, kuanzia modeli za 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari madogo mapya ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Kwa kuwa sheria hizo zilihusu moshi, sehemu iliyo ya wote ni ile ya injini peke yake. Kijidude cha simu kitasoma msimbo wa hitilafu unaoanza na P0 bila shida, lakini taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) au ya mikoba ya hewa ikiwaka, kwa kawaida kitanyamaza, kwa sababu huko kila kiwanda kina lugha yake. Unapolipia daraja la kati unalipia lugha hizo, pamoja na uwezo wa kuamrisha vifaa vya gari badala ya kuvisikiliza tu.

Wauzaji wa skana hupenda kuonyesha jinsi inavyotoa msimbo kwa sekunde chache, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea, mimi nikiwa miongoni mwao. Katika mwezi wa kwanza lililetwa gari lenye msimbo P0171, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli una hewa nyingi mno, nami nikabadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba sensa hiyo ndiyo hupima mchanganyiko. Siku tatu baadaye gari lilirudi na taa ileile. Sensa ya zamani haikuwa na kosa lolote; ilikuwa shahidi aliyesema kweli, nami nilimfunga shahidi nikamwacha mwizi. Gharama ya sensa niliibeba mwenyewe, kwani sikuona haki ya kumtoza mteja kwa kubahatisha kwangu.

Jibu lilikuwemo ndani ya skana tangu siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa takwimu hai ambao sikuwa nimeufungua. Humo kuna asilimia inayoonyesha ni kiasi gani kompyuta ya injini inaongeza au kupunguza petroli ili kurekebisha mchanganyiko. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, nyongeza ilikuwa asilimia 22, na nilipopandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka hadi 4. Mwenendo huo una maana moja kubwa. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa ya kupima hewa, na kiasi hicho kidogo cha wizi huonekana sana injini inapovuta hewa kidogo, kisha humezwa inapovuta nyingi. Kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta iliyochoka au chujio lililoziba, namba zingeenda kinyume, zikipanda kadiri injini inavyodai petroli zaidi. Nilikuta mpira wa hewa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kuinama. Tangu hapo sijabadilisha spea yoyote ya mfumo wa mafuta kabla ya kuzitazama namba hizo katika hali mbili, na ukurasa huo peke yake unatosha kuhalalisha bei ya kifaa.

Majaribio ya kuamrisha ndiyo ninayoyapenda zaidi baada ya takwimu hai. Feni ya rejeta isipozunguka, fundi asiye na skana hufungua, hupima waya, huazima rilei, na nusu ya siku huisha. Mimi huiamuru feni izunguke kutoka kwenye kioo cha skana. Ikizunguka, mota, rilei na waya zake ni wazima, na ninayepaswa kumtafuta ni sensa ya joto au amri isiyotolewa, na isipozunguka, ninashuka kwenye fyuzi na plagi ya mota nikiwa na hakika. Kwa pampu ya mafuta, klachi ya kompresa ya kiyoyozi na vali za ABS mantiki ni hiyohiyo.

Kuhusu kukua kwa biashara, faida kubwa ilitoka katika menyu ambayo mwanzoni niliipuuza, ile ya kazi za matengenezo. Magari mengi ya sasa yana breki ya mkono ya umeme, na pedi za nyuma hazibadilishwi ipasavyo mpaka pistoni irudishwe kwa amri ya kompyuta. Fundi anayeisukuma kwa nguvu ya klempu anaweza kuua mota yake. Magari mengi huhitaji sensa ya usukani isahihishwe baada ya kupanga magurudumu, nozeli za baadhi ya injini za dizeli huja na namba ambazo ni lazima ziingizwe kwenye kompyuta, na chujio la masizi huhitaji kuchomwa likiwa limejaa. Kazi hizi zote si ngumu kwa mikono. Zilikuwa zikitupita kwa sababu tulikosa ufunguo wa kuzimalizia, na kila mteja tuliyemwelekeza kwingine kwa ajili ya pedi za breki aliendelea kufanyia hukohuko na huduma ya oili.

Skana pia ilitulazimisha kupanga upya namna ya kutoza. Zamani upimaji ulikuwa bure, ukifichwa ndani ya bei ya spea, na mfumo huo humshawishi hata fundi mwaminifu abadilishe kitu ili apate malipo. Sasa upimaji una bei yake, iwe mteja atatengeneza kwetu au la, na anapewa ripoti ambayo skana huihifadhi, yenye misimbo, namba tulizoziona na picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea. Wachache walinung'unika. Waliobaki ndio waliotuletea wateja wa aina mpya, yaani watu wanaotaka gari lipimwe kabla hawajalinunua. Katika kazi hiyo huwa natazama kwanza ikiwa vipimo vya ndani vya moshi vimekamilika, kwa maana muuzaji aliyefuta misimbo asubuhi ile ataacha alama: kompyuta itaonyesha kwamba haijamaliza kujipima. Kwa sababu hiyohiyo fundi asifute msimbo wowote kabla ya kuuhifadhi, kwani ile picha ya kosa hufutika pamoja nao.

Malalamiko yangu si madogo. Masasisho ya programu ni ya bure kwa mwaka mmoja tu, na baada ya hapo hulipiwa. Kifaa hakifi usipolipa, lakini magari mapya hukipita taratibu, na gharama hiyo ni lazima iingizwe katika hesabu za gereji tangu mwanzo kama inavyoingizwa kodi ya pango. Maandishi ya kwenye boksi yanayodai kwamba kinasoma magari yote yachukuliwe kwa tahadhari. Magari mengi ya kundi la Fiat Chrysler kuanzia modeli za 2018, kwa mfano, yana lango la usalama linalozuia amri za skana isiyoidhinishwa, hivyo utasoma lakini hutaamrisha. Kabla ya kulipa, andika magari 10 yanayoingia gerejini kwako mara nyingi zaidi, kisha mtake muuzaji akuonyeshe kila moja ndani ya menyu, pamoja na kazi zinazopatikana kwa kila modeli na mwaka. Muuzaji wangu alikerwa kidogo, lakini alionyesha.

Betri ya skana yenyewe ni dhaifu na kebo yake ni fupi, haya yanavumilika. Lisilovumilika ni jinsi kifaa kinavyoorodhesha misimbo bila kumwonya fundi kuhusu umeme wa gari. Betri ya gari ikiwa chini, kompyuta zake huanza kupotezana, na skana huonyesha misururu ya misimbo inayoanza na U, ile ya mawasiliano kati ya kompyuta hizo, kana kwamba gari zima limekufa. Nimewahi kupokea gari lenye misimbo 14, na baada ya kubadilisha betri na kusafisha vichwa vyake haukubaki hata mmoja. Kwa hiyo multimita hutangulia: betri iliyopumzika isome takriban volti 12.6, na injini ikiwaka alteneta nyingi hutoa kati ya 13.5 na 14.5, ndipo skana ichomekwe.

Kwa gereji inayoishi kwa oili, breki za kawaida na magari yaliyotengenezwa kabla ya soketi ya pini 16, kifaa hiki kitakaa kabatini, na fedha zake zingefaa zaidi kwenye kompresa ya hewa. Kwa gereji nyingine yoyote ndogo ningekinunua tena, safari hii nikiongeza siku mbili za kufungua takwimu hai za gari zima lisilo na tatizo lolote na kuziandika daftarini, kwa sababu muda mrefu nilitazama namba mbovu bila kujua zilizo nzima hufananaje.