Mtungi wangu mwenyewe wa kuzamia, mwaka wa tatu sasa

Naandika hii kwa sababu kila mara kuna mtu ananiuliza anunue mtungi wake wa kuzamia au aendelee kukodi, na mi nikimjibu inategemea ananiona kama namficha kitu. Sasa ngoja niseme yote.

Kazi yangu ni kusafisha boti chini ya maji huku ghuba ya Msasani, Dar, brashi na kikwangulio, mita mbili tatu tu kwenda chini, halafu wikiendi nikipata nafasi nazama kwenye visiwa vya Bongoyo au Mbudya kwa raha zangu. Miaka yote nilikuwa nakodi. Kilichonichosha wala sio hela, ni hewa. Siku moja navuta pumzi ya kwanza nasikia harufu kama nimesimama nyuma ya jenereta, nikapanda, nikamwambia aliyenikodisha, akanijibu "hiyo oili kidogo tu ya kompresa." Kidogo tu! Kichwa kiliniuma mpaka usiku. Mtungi wako mwenyewe hausafishi hewa, tuelewane hapo, ila unakupa uhuru wa kuamua unajaza wapi, na mi sehemu ninayojaza nimeenda nikaangalia bomba la kuvutia hewa limewekwa wapi na filta zinabadilishwa lini.

Nikaanza kutafuta wa mtumba. Wa kwanza nilioletewa ulikuwa wa njano mpyaaa, umepigwa rangi unang'aa. Kwa bahati nilikwenda na mzee mmoja fundi wa kompresa, hata rangi hakuitazama, akatoa shilingi mia mfukoni akaanza kukwangua bega la mtungi pale penye maandishi yaliyogongwa. "Mwanangu, gari unauliza rangi au unauliza kadi?" Rangi ilivyobanduka tukasoma 3AL, alama ya Marekani ya mitungi ya alumini, tukasoma presha, tukafika kwenye tarehe, 1986. Akauweka chini taratibu akasema twende. Kumbe mitungi mingi ya alumini ya Marekani ya kabla ya katikati ya 1988 ilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) inaitwa 6351, ambayo baadhi yake inapata nyufa shingoni, na iko iliyowahi kupasuka wakati wa kujazwa. Ya baadaye ni 6061. Muuzaji alinuna sana aisee.

Wa pili ndo huu ninao. Alumini, ule wa kawaida wanaouita 80 kwa futi za ujazo, ingawa ukipiga hesabu hewa inayoingia ni 77 na kitu, ndani unaingia maji lita 11.1, na presha yake ukijaa ni bar 207. Maandishi yote yanasomeka, tarehe ya mwisho kupimwa kwa presha ya maji ipo, nikatoa laki tatu na nusu.

Sasa mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Mtungi wa alumini ukijaa unazama, ukikaribia kuisha unaelea, kwa sababu hewa yenyewe ina uzito, kama kilo mbili na nusu hivi, ukishaivuta imeenda. Kwa mtu anayezama mita 18 huko anarudi taratibu labda asione shida, lakini mi niko chini ya boti, wiki ya kwanza tu nimebakiza bar 60 nabembeleza propela, mgongo ukaanza kunyanyuka wenyewe, mara kichwa kwenye kili ya boti, paa! Nimeongeza vipande vya risasi vya kuongeza uzito, kilo mbili, kwenye mkanda ndo nikatulia. Ningekuwa na hela ya mtungi wa chuma wa lita 12 ningechukua huo, wenyewe hata ukiisha haukubebi juu, ila chuma na chumvi ya huku kwetu mnajuana, kutu ndani ukizembea.

Valvu. Hakikisha inaendana na regyuleta yako, kile kifaa cha kupumulia, DIN inayoskrubiwa ndani ya valvu au yoki, ile ya fremu ya chuma inayoikumbatia valvu na kuibana, yangu inakubali zote mbili ukitoa kile kipande cha katikati. Na usikubali mtu akubadilishie valvu hivi hivi, kuna nyuzi za skrubu za M25, yaani milimita 25, na kuna za robo tatu ya inchi, ukichanganya inaweza kuingia ikajifunga vizuri kabisa halafu ikipewa presha ikachomoka. Sio utani huo.

Kujaza nako, ukikuta foleni wanakujazia harakaharaka mtungi unakuwa wa moto, geji inasoma 210, unafika nyumbani umepoa inasoma 185. Hujaibiwa, ni joto tu, ila mi siku hizi nauacha asubuhi naufuata jioni.

Kosa langu kubwa lilikuwa buti, lile la mpira la chini. Mwaka mzima sijalivua hata siku moja, nasuuza juu juu naondoka. Siku ya kukaguliwa ndani, mzee akalivuta likagoma, akamwagia maji ya moto, lilivyotoka chini kumejaa unga mweupe kama chokaa na vishimo vidogo vidogo, nilisikia aibu. Akapima vishimo, akapiga tochi ndani, akaweka oringi mpya, ule mpira wa kuzuia hewa isivuje, akaupitisha. Siku hizi buti linavuliwa kila Jumapili, mtungi unaoga maji yasiyo na chumvi, na siuachi uishe kabisa, nabakiza bar 30 ili maji ya bahari yasiingie.

Kila mwaka unakaguliwa ndani, kila miaka mitano unapimwa kwa presha ya maji, na bajaji wanakataa kuupakia wakidhani gesi ya kupikia. Kama unazama mara tatu kwa mwaka ukienda Unguja, kaka, dada, kodi tu. Mi nazama siku nne kwa wiki, na nikifungua valvu asubuhi nikanusa hainuki kitu, navaa naingia.