Sampla ipi ununue kama unapenda stirio

Sampla ni mashine inayopiga milio iliyorekodiwa, yaani sampuli. Namba ya sauti (milio inayoweza kulia kwa pamoja) iliyoandikwa kwenye tangazo lake igawe kwa mbili kabla hujauliza bei. Kwenye sampla nyingi, sampuli ya stirio ni sampuli mbili zinazopigwa pamoja, ya kushoto na ya kulia, na kila upande unakula sauti yake. Akai S1000 ya 1988 ina sauti 16. Pakia piano ya stirio, unabaki na noti 8. Ukipanga tabaka mbili zinazolia kwa pamoja, kila noti inakula sauti nne, na mikono miwili haitoshelezwi na noti 4.

Mikia nayo inahesabiwa. Noti uliyoiachia inashikilia sauti mpaka inyamaze kabisa. Sauti zikiisha, mashine inanyang'anya, aghalabu ile iliyoanza zamani zaidi: bezi ndefu inakatika ngoma zinapoingia, na fundi anasingizia kebo.

Kwa anayetengeneza biti (midundo) na kupiga kodi za kinanda (noti kadhaa kwa pamoja), tunazipanga hivi.

Ya kwanza ni E-mu E4XT Ultra. Sauti 128, yaani noti 64 za stirio, kwa hiyo hata ukikanyaga pedali ya sasteni hukwami. Ni kubwa na diski zake za SCSI (kiunganishi cha zamani cha kompyuta) zimezeeka. Mwambie muuzaji aiwashe na apakie benki (fungu la sampuli) mbele yako.

Ya pili ni Akai MPC2000XL: sauti 32, stirio 16, nyingi kwa midundo. Uliza kumbukumbu kabla ya chochote. Stirio ya kilohezi 44.1 na biti 16, ubora wa CD, hula takriban kilobaiti 176 kwa sekunde. Ikiwa na MB 2 za kiwandani unapata kama sekunde 11 tu. Ikijazwa mpaka MB 32, zinafika kama 190.

Elektron Digitakt II (2024) inafuata. Traki 16, na stirio haikugharimu sauti ya ziada, ila kila traki inatoa noti moja kwa wakati. Kodi ya noti nne inachukua traki nne, au uirekodi kodi nzima kama sampuli moja. Usiichanganye na Digitakt ya 2017: hiyo ina traki 8 za sampuli, zote mono (upande mmoja tu wa sauti), na faili la stirio hugeuzwa mono linapoingia.

EP-133 ya Teenage Engineering ilitoka 2023 na sauti 12 za mono au 6 za stirio. Ni nyepesi na inatumia betri, lakini kwa idadi hiyo ya mwanzo, kiki, snea na hati (matoazi ya hi-hat) za stirio zikilia pamoja zimeshamaliza nusu. SP-1200 na Akai S950 ziko mkiani hapa: mono, sauti 8. Zinanunuliwa kwa ukwaruzo wa biti 12, na bei zake ni za wakusanyaji.

Mashine yoyote utakayochukua, kiki, snea na bezi ziweke mono. Chukua upande mmoja tu. Ukichanganya kushoto na kulia, mawimbi yanayopingana yanafutana na sauti inakonda. Hati ya wazi na ya kufunga zitie kundi moja la kunyamazishana.

Kwa muuzaji, jaribu hivi: andaa sampuli mbili za stirio za sekunde 20 (au fupi zaidi kama kumbukumbu haitoshi), moja filimbi na nyingine mlio mwingine. Weka modi ya noti nyingi, sio ya noti moja moja, la sivyo kila pigo litakata lililotangulia. Piga filimbi, kisha ule mwingine tena na tena, ukishuka chini kwenye kinanda, kwa kuwa kupanda juu kunafupisha sampuli. Hesabu mapigo ya ule mwingine mpaka filimbi ikatike: hapo ndipo noti za stirio zilipoishia.

Kama imetoka Japani, soma kibandiko cha nyuma. Ya volti 100 ukiichomeka kwenye umeme wa Dar au Nairobi, pawasaplai inaungua. Adapta ya soketi haipunguzi volti, nunua transfoma.