Hita ya lita 50 na maji ya kisima: nakufungulia uone kinachoiua

Salaam aleikum na karibuni tena. Leo kuna kitu mezani kimenikera, na nikikionyesha nina hakika kitakukera na wewe.

Hii ni hita ya kutundika ukutani, lita 50, kilowati 1.5. Jina nimelifunika kwa tepu makusudi, maana ugonjwa huu si wa kampuni moja, utaukuta kwenye boksi nyingi za bei hii. Rangi, uzito na taa ya kijani vimeandikwa kwenye boksi, someni wenyewe. Na kabla hujaniandikia kwamba Mombasa joto hili hita ya nini, ngoja kusi ivume mwezi wa saba, uoge alfajiri kwa maji ya tangi la juu ya nyumba, kisha urudi tuzungumze.

Haya, tuifungue. Hii yangu bado haijatundikwa, lakini ya kwako ikiwa ukutani, zima swichi na breka zote mbili, kisha gusa terminali kwa testa, usiamini taa. Maji yakishapoa, funga koki ya maji baridi, fungua bomba la moto ili hewa iingie, halafu nyanyua kile kijimkono cha valvu ya usalama, maji yashuke kwa mpira. Lita 50 ni ndoo mbili na nusu za lita 20, usije na ndoo moja. Chini hapa kuna bolti tano, spana namba 10. Kifuniko kinatoka hivi, pamoja na elementi, ile inayopasha maji, na mirija ya themostati, kidhibiti joto.

Sasa kamera isogee. Sogea, sogea. Unakiona hiki kijiti cha kijivu kando ya elementi? Hii ndiyo anodi. Ni magnesiamu. Tangi ndani ni chuma kilichopakwa enameli, kama yale masinia ya zamani yenye maua. Sinia likianguka, enameli ikibanduka, kutu inaanzia palepale. Tangi nalo lina vitundu vyake, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, na hakuna kiwanda kinachovimaliza vyote. Anodi imewekwa ili iliwe yenyewe, chuma kisalimike. Siku ikiisha, zamu ni ya tangi, na tangi likitoboka halina dawa.

Naweka kalipa. Milimita 14. Penseli nene! Linganisha na hii nyingine niliyonunua pembeni: milimita 22. Urefu ni sawa, sentimita 20 kila moja. Piga hesabu ya unene, utapata hii ya pili ina magnesiamu karibu mara mbili na nusu. Na hiki cha tatu, msikishike kwa nguvu, kinavunjika, kilikuwa kama hicho chembamba. Kimekaa miezi 7 kwenye maji ya kisima cha Bamburi. Kilichobaki ni waya wa chuma wa katikati na chengachenga nyeupe. Kitabu cha maelekezo kinasema ukague baada ya mwaka, sijui aliyeandika alikuwa anaoga maji ya wapi. Sisi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, bahari iko mlangoni, kwa hiyo kisima kinakupa chumvi na chokaa kwa pamoja. Maji ya mfereji, yanayotoka vyanzo vya Baricho au Mzima, hayana chumvi ya namna hiyo, ila yanakuja kwa zamu, na tangi lako la juu linaishia kuwa mchanganyiko. Kagua kila miezi 6. Ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene, toa.

Ukienda kununua nyingine, chukua ile ya zamani mkononi, kwa sababu skrubu zake zinatofautiana, kuna M5, M6 na M8. Na tafadhali, mafundi, msizungushe ile tepu nyeupe kwenye skrubu yake. Anodi lazima igusane na chuma, bila hivyo ni pambo tu. Gasketi nayo badilisha, usirudishe iliyolalia upande mmoja.

Kuna aliyeuliza wiki iliyopita kwa nini maji yake ya moto yananuka mayai viza na yale baridi hayanuki. Ni bakteria wa maji ya kisima pamoja na magnesiamu. Tia anodi ya alumini yenye zinki, na ukiweza pandisha joto hadi nyuzi 60. Usiing'oe anodi ukaacha patupu. Najua kuna fundi atakushauri hivyo. Harufu itapungua kweli, na tangi nalo litapungua.

Elementi haraka haraka. Mita kwenye omu, terminali kwa terminali: 38.6. Sawa kabisa kwa kilowati 1.5 kwenye volti 240. Terminali kwa bodi: haisomi kitu, ndivyo inavyotakiwa. Ya kwako ikisoma hapo, ganda la elementi limetoboka, ndiyo maana breka inaruka kila ukiwasha. Nunua nyingine, haizibwi. Ikiwa imevaa koti la chokaa tu, ng'oa anodi kwanza, kwa sababu asidi itaila, kisha loweka elementi kwenye ndimu ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, saa nzima. Terminali zibaki kavu. Usikwangue kwa kisu.

Na valvu hii ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapashwa, iache. Lita 50 zikitoka nyuzi 27 kwenda 60 zinavimba kwa zaidi ya nusu lita, na hayo maji lazima yapate njia. Nimeona picha mlizonituma, mtu ameipiga plagi eti inalowesha sakafu. Toa hiyo plagi leo, hilo tangi linaweza kupasuka. Unganisha mpira ushuke kwenye shimo la maji taka, mdomo wake uwe wazi.

Wauzaji watakwambia suluhisho ni tangi la chuma cha pua. Linang'aa, bei juu, lakini chumvi inakitoboa chuma cha pua kwenye maungio vilevile, na mengi hayana anodi ya kulinda. Kwa kisima chenye chumvi mimi nabaki na enameli. Shawa ya umeme ya papo hapo? Rahisi kununua, ila hakikisha elementi yake imefunikwa, ile ya maji ya chumvi, kwa sababu koili iliyo wazi kwenye maji haya inakurushia umeme ukiwa na sabuni machoni. Na ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23, waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 hauiwezi. Hilo nitalifanyia video yake, inshallah baada ya ile ya pampu ya presha mnayonidai.

Bei? Hii nimeuziwa 14,500, anodi nene 1,200. Nilikuja hapa nikitaka kuwaambia msiinunue. Lakini tangi lenyewe zito, enameli ndani nimeipitishia tochi na ni safi, elementi nzuri. Ubahili umeingia kwenye kijiti tu. Ukiibadilisha anodi kabla ya kuitundika, mimi naichukua. Ukiitundika kama ilivyotoka kwenye boksi, hapana.

Narudisha bolti, nakaza kwa mkato, hii kisha ya mkabala, kifuniko kisikae upande. Natundika, nafungua maji baridi, na bomba la moto liwe wazi. Umeme bado. Sikiliza… hewa hiyo inakohoa. Ukiwasha sasa, elementi inaungua ikiwa kavu. Ngoja… haya, mkondo umetulia, hakuna hewa tena. Chini ya kifuniko pakavu. Sasa nawasha. Kwa maji ya nyuzi 27 hadi 60 ni kama saa moja na robo, bofya kengele wakati tunasubiri.