Kishungi cha sintetiki kwenye mpini mkongwe wa Ever-Ready: nimekitumia, haya ndo maoni yangu

Wadau wa kunyoa kwa brashi na sabuni, leo naongelea kitu kidogo tu lakini nimekipenda mno. Ni kishungi cha nywele za sintetiki, yaani lile fungu la nywele za brashi ya kunyolea, saizi milimita 24 kwa upana wa shina (kitako kinachozishika nywele), ile aina ya nywele nyeusi zenye ncha nyeupe wanayoiita Tuxedo, kinauzwa peke yake bila mpini na mimi nimekigandisha kwenye mpini wa zamani wa brashi ya kampuni ya Ever-Ready ya Marekani. Naishi Uingereza, na huku kwenye magulio ya Jumapili ya vitu vya mitumba brashi za wazee ziko kibao, unaukuta mpini mzuri umelala kwenye boksi pamoja na vijiko na funguo, nywele zimepukutika nusu, mwenye nao anakuachia kwa paundi mbili tatu. Watu wanapita wanaona takataka. Jamani mpini ndo mali hapo, nywele ndo za kutupa.

Kishungi chenyewe nimekipata kwa kama paundi kumi. Ukijumlisha na mpini na gundi bado hujafika hata robo ya bei ya brashi mpya ya maana kutoka kwa watengenezaji wa brashi kina Simpson, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1919, na mkononi inakaa vizuri ajabu.

Kwanza nieleze kwa nini nasema nywele za zamani zitupwe, maana sitaki mtu adhurike. Kuna watu wanazifua kwa shampuu, wanaanika, wanaendelea kunyolea. Kama brashi ni ya kabla ya 1930 usifanye hivyo. Kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia askari na raia zaidi ya 200 wa Uingereza na Marekani walipata kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea, ndio, kimeta hiki hiki tunachokijua cha ng'ombe. Manyoya ya baja (mnyama wa jamii moja na nyegere wetu) yaliadimika kwa ajili ya vita, watengenezaji wakakimbilia singa za farasi kutoka Asia ambazo hazikusafishwa inavyotakiwa, na askari nao walikuwa wanahimizwa wanyoe vizuri ili kinyago cha gesi kibane usoni, sasa wembe ukikwaruza ngozi kidogo tu vimelea vimeshapata njia. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi zinazotoka Japani. Ndo maana brashi nyingi za Marekani za miaka ile utakuta zimegongwa neno Sterilized kwenye mpini, kampuni zilikuwa zinawatoa wateja hofu. Vimelea vya kimeta vinaweza kukaa miaka na miaka bila kufa, na mwaka 2017 kwenye jarida la CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wataalamu waliandika kwamba hatari ni ndogo lakini brashi za manyoya za kabla ya 1930 hazishauriwi kutumika. Mimi mpini unaoonekana wa enzi hizo ukiwa bado na nywele zake siugusi kabisa, nachukua wa miaka ya 40 na 50 kuja huku, au ule ambao umeshabaki mtupu.

La pili linatugusa sana sisi tuliolelewa pwani. Brashi nyingi za bei nafuu, za zamani na za sasa, ni nywele za nguruwe. Ukiona kwenye mpini wameandika Pure Bristle ujue ni nguruwe huyo, na za Italia huwa wanaandika setola. Sisi tuliokulia kwenye madhehebu ya Shafi tunajua nguruwe na kila kilicho chake ni najisi, halafu brashi unaichovya maji unaipaka uso mzima kabla ya swala, hapana kwa kweli. Nina ndugu zangu kadhaa walikuwa wanatumia bila kujua kwa sababu hakuna aliyewaambia. Sintetiki imemaliza hilo tatizo, ni nyuzi za plastiki tupu, hakuna mnyama humo ndani. Hata Omega wa Bologna, ambao jina lao limejengwa na brashi za nguruwe, siku hizi wana S-Brush ambayo ni sintetiki iliyotengenezwa ifanane na ya nguruwe, kwa hiyo hata asiyetaka kuhangaika na gundi ana pa kwenda.

Haya, kwenye kukifunga sasa, maana hapa ndo kuna utamu wa kazi yenyewe. Nywele za zamani nazilowesha kwanza zisirushe vumbi, navaa glavu na barakoa, nazikata hadi usawa wa mpini, halafu natoboa katikati kwa drili nikianza na ncha nyembamba na kupanda taratibu hadi gundi yote ya zamani itoke, kuta za ndani namalizia kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Usiwe na haraka. Mipini mingi ya wakati ule ni katalini, plastiki ambayo ilitoka kiwandani ikiwa nyeupe na miaka ndo imeigeuza ikawa na rangi ya samli, drili ikipata moto sana inapasuka, na ukiipolishi kupita kiasi ile rangi yote inaondoka unabaki na weupe wa chini. Mimi naipangusa kwa kitambaa na polishi kidogo ya chuma, mng'ao ukirudi naacha.

Kabla ya gundi kuna jambo la kupima, nalo ndo linaamua brashi itakuwaje: nywele zitokeze nje kiasi gani. Zikitokeza sana brashi inalegea, inalala ovyo usoni, zikitokeza kidogo mno inakuwa ngumu inachoma. Kwa kishungi hiki cha 24 mimi naona kama milimita 50 juu ya mpini ndo penyewe. Shimo likiwa refu kupita kiasi weka sarafu za peni moja chini, kila sarafu inakupandishia milimita 1.65 na upana wake wa 20.3 unaingia vizuri kwenye tundu, ukiongeza au kupunguza moja unaona tofauti pale pale. Ukiridhika ndo unapaka epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya, na iwe kidogo, maana ikizidi inapanda kwenye nywele na katikati ya brashi panakuwa na kigumba kigumu ambacho hakitoki tena. Simamisha, hakikisha hakijaegemea upande, kiache siku nzima bila kukigusa.

Utendaji wake sasa. Ukilinganisha na manyoya, hiki hakihitaji kulowekwa wala kuzoeshwa. Nguruwe inabidi uiloweke kila asubuhi, na wiki za mwanzo inachoma mpaka ncha zianze kugawanyika ndo inalainika. Hiki unachovya maji ya uvuguvugu, unakung'uta mara mbili, unazungusha kwenye sabuni, unaanza kupaka. Povu linakuja haraka na linakuwa zito, na krimu kidogo tu inatosha maana nyuzi hazinywi povu ndani kama manyoya. Ncha ni laini kweli. Sisi wenye ndevu za kujikunja tunaosumbuliwa na vipele vya shingoni hilo si jambo dogo, unapaka kwa kupandisha na kushusha bila kukandamiza, ngozi inapata unyevu bila kukwaruzwa. Sisemi inatibu vipele, haitibu, ila haiongezi.

Kasoro zipo. Kinadunda, yaani nyuzi zina mrejeo mkali, mwanzoni povu linaruka mpaka kwenye kioo, ukipunguza mkono linatulia. Maji pia hakishiki mengi, ukishazoea baja utaona povu linakuwa kavu, ongeza matone ya maji unapoendelea kuzungusha. Na ubora haulingani kila duka, kuna kimoja nilinunua mahali pengine, silitaji, kilikuja na shina lililokaa mshazari na kilipukutisha nyuzi kila nikiosha, kwa hiyo kikifika tu kigeuze chini juu ukiangalie shina kabla hujaweka gundi, maana baada ya hapo hakirudishiki.

Kwenye matunzo adui ni wawili, mabaki ya sabuni na unyevu unaokaa kwenye shina. Suuza mpaka maji yatoke masafi bila povu, fungua nywele kwa vidole upitishe maji katikati, kamua kwa kubana, usisokote, kung'uta, halafu iache mahali penye hewa. Watu wanabishana iwekwe wima au ining'inizwe kichwa chini, kwa sintetiki sijaona tofauti yoyote, cha muhimu isifungiwe kabatini ikiwa mbichi. Usiwe unaisaga chini kwenye bakuli, katikati patafunguka shimo na nywele zitakatikia ndani. Maji yanayochemka usiweke, epoksi inalegea na katalini haipendi.

Kama unakaa London au popote penye maji yenye chokaa, au nyumbani unatumia maji ya kisima yale ya chumvi, brashi itaanza kukakamaa na kuwa na ukungu mweupe kwenye nywele. Hiyo ni sabuni imeshikana na chokaa, brashi bado nzima. Chukua siki nyeupe kipimo kimoja na maji ya uvuguvugu vipimo tisa, tumbukiza nywele tu, mpini ubaki nje, zungusha dakika chache kisha osha kwa tone la sabuni ya vyombo na usuuze sana harufu ya siki iishe. Mimi nafanya hivi nikiona povu limeanza kugoma na inarudi laini siku hiyo hiyo. Ya manyoya nayo inakubali siki, ila usizidishe muda.

Jumla naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya kule kudunda. Anayependa brashi inayobeba maji mengi na ile hali ya nywele za asili huenda asikipende, aende kwenye baja. Waliobaki wote, hasa mnaokwepa nguruwe au mliorithi brashi ya mzee imekaa tu kwenye droo, agizeni. Ila pima upana wa juu wa mpini kwanza, ukiwa mwembamba chukua 22 badala ya 24, vinginevyo kuta za mpini zitabaki nyembamba mno na zitapasuka wakati wa kutoboa.